Viti vya Jirani kwenye Kisulisuli

Benchi la kona, ukutani kwa kinyozi, lilikuwa limeshiba jua la mchana kutwa, na waliolikalia walikuwa wanasinzia nusu, wanabishana nusu. Juu ya mabati ya nyumba, upande wa uwanjani, ilionekana mashine waliyoiita Kisulisuli: viti vinavyoning'inia kwa minyororo, vinapanda, vinatanuka kama sketi ya marinda. Watu walipita angani miguu ikielea. Kwa umbali ule kelele zao hazikufika. Ilikuwa siku ya mwisho. Kesho mashine inafunguliwa vipande vipande na kuhamishwa. Na Sindano, fundi cherehani wa miaka hamsini na miwili, alikuwa na ahadi nayo saa kumi na moja.

— Mimi nikizungushwa kwenye kiti cha kinyozi tu, roho inanitoka, — alisema. — Na mama watoto ananisubiri nyumbani.

— Kwani nani alikutuma uahidi? — aliuliza Karani, mstaafu wa masijala, mwenye methali kwa kila jambo na mara chache inayolihusu.

— Mwaka jana, alipolazwa ile miezi mitano. Kitanda kilikuwa dirishani, akawa anakiangalia hicho kidude. Akaniambia, nikitoka humu mzima tutapanda wote, viti vya jirani, tushikane mikono. Wakati ule ningekubali hata kupanda mwezini.

Wakanywa kahawa kidogo kidogo.

— Basi usile kitu, — alisema Karani. — Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilichojaa kikizungushwa kinamwagika.

— Utampoteza mwenzio! — aliruka Pimamaji, mwashi. — Tumbo tupu ndilo linalochafuka. Ale mkate mkavu, atafune tangawizi, akiwa juu aangalie mbali, asiangalie miguu. Hayo yanajulikana. Lakini ugonjwa wenyewe hauko tumboni. Uko sikioni.

— Sikio linatapika? — aliuliza Sindano.

— Ndani yake mna maji. Kama haya. — Akachomoa pimamaji mfukoni, wakatazama kipovu kikihangaika ndani ya kioo. — Ukiwa kijana, kipovu kinarudi kati mara moja. Ukipita hamsini maji yanakuwa mazito. Mashine imesimama, wewe kipovu chako bado kinatafuta njia.

Akakiweka kifaa utosini kwa Sindano. Wenzake wakainama kusoma.

— Umeelemea kushoto.

— Bega hilo. Miaka thelathini ya cherehani.

— Basi mkeo akae kulia, mtasawazishana.

— Nyote hamjui kitu, — alisema Karani, amefumba macho. — Mtu mzima roho yake nzito. Mashine ikianza, mwili unatangulia, roho inabaki chini. Kichefuchefu ni roho inakimbia kuufuata. Dawa yake, uache kofia yako chini, roho ibaki kuilinda.

— Na kofia ikiibwa? — aliuliza Pimamaji.

Sindano hakusikia jibu. Akilini alikuwa ameiona roho yake, fupi, tepu ya kupimia shingoni, ikikimbia juu ya mabati na kumwita amsubiri.

— Au usipande kabisa, — aliendelea Karani kwa upole. — Methali imekupa ruhusa: aliye juu mngoje chini. Mshikie mkoba.

Neno hilo Sindano alilipenda, kisha akaona haya kwa jinsi alivyolipenda. Mkoba alishaushika sana. Miezi mitano aliushika nje ya milango ambamo mkewe aliingizwa peke yake, naye hakuweza kumfuata hata hatua moja. Aliogopa kuanguka, ndiyo. Lakini zaidi aliogopa kumtazama tena akienda bila yeye.

Nyuma yao alikuwa amesimama mwanamke mwenye ovaroli la bluu, yule anayewafunga watu mikanda kule Kisulisuli. Alikuwa amekuja kunywa kahawa ya mapumziko, akajikuta anasikiliza.

— Samahani, kaka zangu, — alisema. — Huyo mama, yeye haogopi?

Pimamaji alikirudisha kifaa chake mfukoni. Juu ya mabati watu waliendelea kupita, wanakwenda, wanarudi.

— Sijamuuliza, — alisema Sindano.

Akaweka kikombe chini na kuondoka, kahawa ikiwa nusu.

Alimkuta mkewe ameketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi.

— Unaogopa? — alimuuliza kutoka mlangoni.

— Tangu asubuhi, — alisema. — Nimeshindwa hata kufunga hiki. Ila nilikuangalia wewe, uko kimya, nikasema mwenzangu hana wasiwasi, nitamwambiaje?

Sindano alipiga magoti, akamvisha kiatu cha pili na kuanza kukifunga mkanda. Vidole vinavyotunga uzi bila kuangalia vilikosa tundu mara mbili, mara tatu. Hakuvificha.

— Kumbe na wewe, — alisema mkewe, akashusha pumzi ndefu. — Basi twende.