Gari la Muuguzi Lililozimika Likipanda Tu

Mgeni rasmi, Mkuu wa Ukaguzi wa Magari, maafisa mlioongozana naye, wateja wetu, na majirani ambao leo mmepata nafuu ya nyundo zetu:

Karibu gereji. Kiti ulichokalia tulikitoa kwenye gari la zamani tukakichomelea miguu, kwa hiyo kikikulaza nyuma kidogo usishtuke, ndivyo kilivyozoea. Mikono tuliyokupa tumeisugua kwa sabuni na mchanga. Weusi uliobaki hautoki, tumeshakata tamaa nao.

Tulikotoka

Sisi ni mafundi wa magari makuukuu yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Mama Springi, huyu aliyekaa mbele, alikuwa akipiga springi chini ya turubai. Waya, fundi wetu wa umeme, alikuwa ng'ambo ya barabara. Walijuana kwa lawama tu: gari likirudi bovu, huyu anasema ni umeme, yule anasema ni springi. Siku moja upepo ukabeba turubai la mama, akahamia kwa Waya "kwa wiki moja tu". Hajaondoka mpaka leo. Sisi wengine tulifuata kelele zao.

Gari ambalo watu wameshaliita chuma chakavu, sisi tunaliongezea majani ya springi, tunalibadilishia shokapu za kupunguza mitikisiko, tunaliinua kidogo lisikwaruze mawe, na tunalifungia bomba la kuvutia hewa linalofika usawa wa paa, ili injini isinywe maji mtoni.

Tunachojivunia

Mgeni rasmi, tungeweza kukutajia magari mengi. Tumeona tukusimulie moja.

Muuguzi wa zahanati ya mlimani ndiye anayevusha chanjo mtoni na kuipandisha kwa gari lake mwenyewe. Alikuja hapa amechoka.

"Jamani, linapanda vizuri mpaka kona ya mawe, halafu linakata roho," alisema. "Nashuka, nafungua kifuniko cha tanki, nachungulia, dizeli ipo tele. Nafunga, napiga stata, linawaka kama halikufanya kitu."

"Na likishuka?"

"Likishuka halina neno!"

Waya alisema umeme huo, akabadilisha nyaya. Gari likarudi. Tukasafisha chujio, tukafungua pampu. Likarudi tena. Mama Springi akasema, "Mnanitazama nini? Springi hazizimi gari." Ikafika mahali hatuli kwa amani, kila mmoja na nadharia yake mdomoni. Tukamwomba muuguzi atupakie, tukaone wenyewe.

Kwenye kona ya mawe likazima. Muuguzi akashika mlango ashuke.

"Mwanangu, tulia," Mama Springi akamwambia. "Leo usifungue kitu. Tuone."

Tukapiga stata. Kimya. Tukangoja, tukapiga tena. Kimya. Ndipo mama akaenda kwenye tanki, akategesha sikio, akalegeza kifuniko polepole. Fyuuu! Hewa ikaingia kwa nguvu, sote tukaisikia.

"Piga sasa," akasema. Likawaka.

Tanki nalo hupumua, mgeni rasmi. Dizeli ikitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake, na kuna mpira mwembamba wa kazi hiyo. Waya akaingia chini ya gari, akauchomoa, akaupuliza. Haupitishi. Akauchana kwa kisu. Ndani mlikuwa na udongo mkavu uliopangwa vyumba kwa vyumba, nyigu wamejenga na kuhamia. Likipanda, injini inakunywa sana, tanki linabanwa pumzi mpaka dizeli inagoma kutoka. Likishuka, inakunywa kidogo, tena kifuniko kimeshafunguliwa njiani.

Muuguzi alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. "Kumbe siku zote nilikuwa nalitibu bila kujua!"

Tuliweka mpira mpya, tukaupandisha sambamba na bomba la hewa tulilokuwa tumelifungia gari hilo, mdomo wake tukaufunika kwa wavu. Giaboksi, na difu inayozungusha magurudumu, nazo hupumua, tukazifanyia vivyo hivyo zisivute maji. Tangu siku hiyo gari lilipanda bila kusimama.

Yaliyotukwamisha

Kisha ukafika ukaguzi. Mkaguzi aliyelipima yupo hapa pamoja nawe, na tunaomba asilaumiwe, alitupokea kwa heshima. Breki zilipita, usukani ukapita, taa zikapita. Halafu akainua macho, akaona bomba na mpira.

"Dada, gari ni zima," alimwambia muuguzi. "Lakini vilivyoongezwa havimo kwenye kitabu chake, na mimi sina pa kuviandika."

"Nikiving'oa?"

"Litapita."

"Hapa litapita. Na mtoni?"

Mkaguzi akamrudishia kitabu bila kukigonga muhuri.

Gari limesimama getini kwetu tangu hapo. Chanjo inapelekwa kwa pikipiki ya kukodi hadi mtoni, na mto ukijaa inarudi ilikotoka. Kina mama wanashuka na watoto mgongoni, wanangoja ng'ambo, wanapanda tena bila kuchomwa hata mmoja.

Hatusemi sheria haina sababu. Tumeona gari lililoinuliwa ili lipendeze tu, likaanguka kwenye kona. Dereva wake anatembea kwa magongo. Ndiyo maana Mama Springi hukataa kuinua kupita kiasi, na wateja wengine wameondoka hapa wamenuna.

Tunachoomba

Hatuombi utufumbie macho. Tunaomba utufumbulie. Gari lililobadilishwa liwekewe kipimo chake: liinamishwe ubavu kuona kama litapinduka, lipakiwe mzigo, lipigwe breki mteremkoni, lipitishwe majini. Likishindwa, tutalirudisha lilivyokuwa kwa mikono yetu. Likifaulu, mkaguzi apate pa kuandika.

Tunaomba pia mtufundishe. Sisi tunapima mlalo wa gari kwa kamba na jiwe. Ninyi mnapimaje? Mnajuaje kwamba hapa pametosha? Tungependa sana kujua, na maswali mengine tunayo, ila katibu wetu amezuiwa kuyasoma yote.

La mwisho ni hili. Wewe peke yako ndiye unayeweza kuliruhusu gari lile litembee leo. Kiti cha mbele ni chako, mkaguzi akae nyuma na karatasi zake. Mlipime hukohuko mlimani. Likisimama, au likiyumba namna usiyoipenda, tutaving'oa vilivyoongezwa mbele ya macho yako na kushuka kwa miguu.

Muuguzi alitukataza kukubembeleza kwa niaba yake. Alisema tukuulize tu kama ungependa kuiona njia. Maboksi ya chanjo ameshayatoa kwenye friji, na maji ya mto yamepungua tangu asubuhi.

Mungu akupe breki nzima, njia inayopitika, na safari ya kwenda na kurudi.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi wa Magari ya Njia Mbovu