Kitunga ya Bulongo Toka Chini ya Muputu

Sikieni, batoto yangu. Floribert, vuta ile kiti, ukuye karibu. Edith, bakia pale kwenye miguu yangu, uifunike, inasikia baridi. Musinikatize, juu pumzi iko kidogo na maneno iko mingi, na nikianza kukohoa mungoje, nitarudia pale nilikuwa. Docteur alibaambia ninyi mambo yake kule mu couloir, inje ya mulango, mukafikiri baba hasikii. Masikio yangu njo itakufa ya mwisho.

Hii nyumba ya Kamalondo iko yenu bote babili, hakuna wa kufukuza mwenzake. Cherehani ya mama yenu iende kwa Princesse, mutoto ya Edith, juu yeye njo alikuwa anamutungia uzi mu sindano wakati macho ya nkambo yake ilianza kuzimika. Ile nimemaliza. Sasa niseme juu ya shamba ya njia ya Kipushi, ile inanizuia kulala, inanizuia hata kufa.

Floribert, najua. Liévin, ule muchoma-makala, wa makaa ya miti, alipita kule juma iliyopita na chaki, akapiga alama ya kukata kwenye miputu, ile miti ya pori ya mama yenu, na ni wewe ulimutuma. Sikukaripie. Mimi nani wa kukukaripia? Upande wa kushoto wa ile shamba ulikuwaka na miputu vilevile, na ni mimi niliikata yote, mwaka Edith alizaliwa, nikapanda mikaliptusi, nikajiita muntu ya maendeleo. Mama yenu aliniangalia, akasema, "Baba Flori, huu muti unakula, lakini haujue kurudisha kintu."

Na ilikuwa kweli. Kila nguzo nilitoa pale ilibeba chakula ya bulongo, ya udongo wenyewe, ikaenda nayo. Mayani yake makavu inabakia yulu, mwaka kwa mwaka, haitake kuoza. Munaona mahindi ya kule? Urefu wa kidole. Na upande wa kuume, chini ya miputu, nilikuwa ninafagia kila asubuhi na kuchoma mayani, juu kwetu uwanja bila fagio ni haya. Mama yenu alikuwa anangoja niende kazi, anarudisha mayani mengine na kitunga. Tuliishi vile, mimi nafagia, yeye anarudisha.

Munajua nilifanya miaka makumi tatu na moja mu pépinière ya université, kule Kasapa, kazi ya kukuza miti midogo. Mwaka moja bakubwa balitaka miputu. Basi mimi na kiburi yangu nikachota bulongo ya kichuguu, ile nyekundu bantu banafanyia matofali, nikaichekecha mpaka ikawa safi kama bunga, juu hapa kwetu hata mutoto anajua bulongo ya kichuguu iko na nguvu. Nikapanda miputu mia mbili. Ikatoka, ikawa manjano, ikakufa. Nikapanda tena, ikakufa tena. Nilikuwa ninarudia nyumbani na hasira, ninapiga milango, ninakataa kula bukari.

Asubuhi moja nikamuona mama yenu anafika Kasapa kwa miguu, kitunga kwenye kichwa, na ndani bulongo nyeusi toka chini ya muputu wake mukubwa, pale alikuwaka anaokota buyoga. Ilijaa mayani ya kuoza na nyuzi nyeupe, nyembamba kama hizi nywele zangu. "Changanya na hii," alisema. Nikamuambia, mbele ya bantu yote ya kazi, arudishe uchafu wake mu pori. Alitua kitunga chini, akaenda zake. Njo vile nilimufanyia mama yenu.

Siku tatu kisha nikaichanganya, kwa kujificha. Miti ikasimama yote.

Nyuma ya pale Madame Martine, agronome, fundi wa mambo ya kilimo, akanieleza. Zile nyuzi ni buyoga wenyewe, zinashikana na mizizi ya muputu, zinauletea chakula toka kule muzizi haufike, na muputu nao unazilipa na sukari yake. Tena akasema, "Papa Kasonde, nyie munaona makala kwenye muti tu, kumbe makala mingine imelala mu bulongo, mayani na mizizi njo inaiweka pale, mukikata na kuchoma, inapanda mu hewa. Na kila muti unapika bulongo yake, kwa namna yake." Mimi muzee nikafundishwa kintu bibi yangu, mama yenu, alikuwa anajua. Na balinipa mimi diplôme, jina langu yulu yake. Mama yenu aliipanguza vumbi kila juma mpaka anakufa, na sikumuambia aksanti hata siku moja. Muniache nilie, si mambo ya haya.

Basi sikieni. Upande wa miputu ninakupa wewe, Floribert. Edith, usinune. Wewe unachukua mikaliptusi. Uikate polepole, upande miputu, na haitakubali bila bulongo ya kule kwa kaka yako. Kila mwanzo wa mvua utaenda kwake na kitunga, utamuomba, na Flori atakuchotea na mikono yake mwenyewe. Flori, ukimupa Liévin ile miti, utakuwa na nini ya kumuchotea dada yako?

Munaelewa sasa. Miaka tatu hamusemezane, tangu kilio ya maziko ya mama yenu, pale Edith alisema mbele ya bakwe kwamba Flori alikawia Kipushi makusudi. Edith, gari ilikufa mu njia. Alitembea. Niliona biatu yake, soli ilikuwa imeisha, na nilinyamaza. Yeye hakujitetea juu ya kiburi, na ile kiburi ni yangu, ameiriti mbele sijakufa. Kidole moja haiue chawa, batoto yangu.

Ngojeni... nipumue.

Diplôme muitoe kwenye ukuta, muandike pale jina ya mama yenu, Julienne. Flori, kesho asubuhi, mbele Liévin hajafika, uende ufute ile chaki. Edith, umusindikize. Munizike pembeni ya mama yenu, chini ya muputu, na musifagie. Bantu batasema batoto ya Kasonde ni bavivu. Baseme. Mayani ianguke, ioze.

Leteni mikono. Yote miwili... vile. Mungu abalinde ninyi babili. Muzae, mupande, mukosane kidogo, mupatane upesi.

Na ile bulongo ya kwanza mutanitupia... muichote kwenye muputu wake. Mu kitunga yake, ile ya zamani, iko nyuma ya mulango.

Safari hii... nitaipokea.