Viberiti vya Profesa Dumlao

Mwaka wa 1956, kijiwe cha Ruiru kilikuwa ubao mmoja juu ya madebe mawili, kando ya mzani wa kahawa, karibu na nyumba za laini walimokaa vibarua wa shamba. Hapo Awiti aliuza kahawa ya mbuni, ile iliyokataliwa na wanunuzi, nyeusi na chungu. Jumamosi hiyo Gachanja alikishika kikombe chake bila kunywa. Macho yake yalikuwa kwenye Land Rover iliyosimama mbele ya zahanati, ambako Profesa Dumlao, mtaalamu wa minyoo, alikuwa akipakia vyombo vyake. Asubuhi, Warigia, binti yake Gachanja mwenye tabia ya kula udongo, alikuwa ameshindwa kusimama.

— Huyo ni Mjapani, alisema Mburu, ambaye kijiweni aliitwa kwa jina moja tu, Bama, kwa kuwa alipigana na Wajapani huko Burma. Sura hiyo nimeiona juu ya mtutu wa bunduki. Hajaambiwa vita viliisha.

— Viliisha zamani, Bama! alicheka Nicanor, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuna aliyejua anazimwa wapi. Alikuwa amejificha wapi, kwa kahawa? Huyo ameletwa na serikali. Anaangalia choo cha mtu kwa darubini, anaona nani amekula kiapo cha Mau Mau. Ninyi Wakikuyu jiangalieni.

— Na choo cha watoto? aliuliza Awiti.

— Cha mtoto kinasema ya baba yake.

— Omera, wewe na hizo habari zako! Ni wewe ulitutia kwa hii shida.

Ilikuwa kweli. Jumatatu ya wiki hiyo Profesa alikuwa amegawa viberiti vitupu, kila kimoja na jina la mtoto, virudishwe na choo kidogo ndani. Redio akaapa kwamba nyumba itakayopatikana na minyoo itafukuzwa shambani. Katika siku zile za Hali ya Hatari, Mkikuyu kufukuzwa kazini halikuwa jambo la mzaha. Basi wazazi, mmoja baada ya mwingine, walibisha hodi kwa Bama. Mwanawe Muigai alikuwa mnene, mwenye nguvu, na ndiye mtoto pekee wa laini aliyevaa viatu. Bama hakumnyima mtu choo cha mwanawe. Kiberiti cha Warigia nacho kilijazwa huko.

— Nitaenda kumwambia Profesa, alisema Gachanja.

— Umwambie nini? Bama alimshika mkono. Kwamba laini nzima ilichota kwa mwanangu? Nyapara akisikia, sisi sote tunalala nje.

— Kaa chini, ndugu yangu, aliongeza Redio kwa sauti ya chini. Mtu huyo hufuga minyoo kwa chupa. Huwauzia Wazungu wanene, wameze, wakonde.

Hakuna aliyecheka. Gachanja alikuwa akipima nyumba upande mmoja na mtoto upande wa pili, na bado alikuwa amekaa.

Ndipo alipofika Ndinda, muuguzi kutoka Machakos aliyekuwa akimsaidia Profesa. Aliomba kahawa ya mwisho kabla ya safari ya Thika.

— Dada, huyo mtu wako ni wa wapi? Redio alidakia.

— Ufilipino. Baba yake alilima mpunga. Wadogo zake walivimba matumbo wakazikwa kabla mtu hajajua ni minyoo. Ndiyo akaisomea. Wajapani walipoiteka nchi yao, alificha darubini yake kwa gunia la mchele. Sasa anafundisha chuo kikuu.

Bama alitazama chini.

— Leo hajala, Ndinda aliendelea. Amepita mashamba yote kutoka Thika, kila mahali watoto wana minyoo. Hapa hakuna hata mmoja! Anataka kuwafundisha wanafunzi wake njia yenu. Amenituma niwaulize: ninyi mnafanya nini ambacho wengine hawafanyi?

Awiti alijifanya kukoroga birika ambayo haikuhitaji kukorogwa. Bama alianza kukohoa.

— Hata jambo dogo tu, alisema Ndinda. Ni maji? Ni viatu?

Kando ya mzani watoto walikuwa wakicheza, wengi miguu mitupu katika tope. Nje ya zahanati injini ilinguruma.

Gachanja aliweka kikombe chini, akakimbilia nyumba za laini. Aliporudi alikuwa amembeba Warigia mgongoni, midomo ya mtoto ikiwa bado na udongo.

— Kiberiti chake hakikuwa chake, alisema, akihema. Wala vya wengine.

— Gachanja! Bama alimaka.

Ndinda alilivuta chini kope la mtoto. Ndani palikuwa peupe kama karatasi, hapana damu. Aliiacha kahawa yake, akakimbilia gari huku akipunga mikono yote miwili.