Bw. Methuselah Okwi na Moyo Uliojifunza Kukosolewa

Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuondoa mizigo forodhani katika mpaka wa Malaba, Bw. Methuselah Okwi anastaafu. Yeye mwenyewe angependa tuanze kwa kusema kwamba hakuna wakala wa forodha aliyewahi kumfikia. Basi tumesema.

Alianza kama tarishi, akapanda hadi meneja wa tawi. Foleni ya malori ilipotoka mpakani ikafika hadi mji wa Amagoro, ni yeye aliyetembea katikati yake kwa miguu, akibembeleza huyu na kumkaripia yule, mpaka magari yakasogea. Ofisini picha yake ilikuwa kubwa kuliko kalenda. Alipenda sifa, na aliyemkosoa alijuta.

Mwaka juzi karani mpya, Nerima, alimwambia mbele ya madereva kwamba mzigo wa saruji ameuandikia lori lisilohusika. Bw. Okwi alicheka kwa sauti, kisha akamwamuru afungashe vitu vyake aende. Kabla Nerima hajafika mlangoni, mzee alikuwa ameketi sakafuni, shati limelowa jasho, ameshika kifua. Nerima alirudi, akamlegezea tai, akaita teksi, akamshikilia hadi hospitali.

Moyo ulikuwa mzima, ila presha ilikuwa imepanda vibaya. Muuguzi Amongin alimpa kipimo cha kuvaa mkononi. Majibu yalishangaza: foleni haikumsumbua, wala makelele ya madereva. Ila akisahihishwa tu, presha hiyo juu.

“Mzee, mdomo wako unasema huogopi mtu,” Amongin alimwambia, “lakini mwili wako ukisikia neno dogo, unadhani umevamiwa.”

Hayo alitusimulia mwenyewe aliporudi kazini. Siku hiyo alisimama mbele ya madereva wale wale akamwomba Nerima msamaha na abaki kazini, jasho likimtiririka.

“Dada, nikikosea niambie,” alisema. “Lakini polepole. Moyo huu bado ni mwanafunzi.”

Nerima alimwambia, mara nyingi. Mwanzoni mzee alikuwa akitoka nje kupumua kwanza ndipo ajibu. Baadaye akawa anajibu akiwa ameketi.

Jumatatu Nerima anachukua umeneja. Bw. Okwi ndiye aliyempendekeza, ingawa anadai kila anachojua binti huyo kafundishwa na yeye.

Asante, mzee wetu. Nenda nyumbani kwa mkeo, Mama Amuron, ukapumzike. Tunakuombea siku tulivu, afya njema, na watu wanaokupenda kiasi cha kukuambia ukweli.