Mtumbwi wa Kubeba Mgongoni

Asubuhi ile, kwenye benchi la mbele ya kibanda cha pancha, walikuwapo wanne: Pancha mwenyewe, mziba matairi; Kilo Mbili, mpagazi wa sokoni, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba mzigo ni mzito; Mama Birika, muuza kahawa; na Sista, muuguzi wa zahanati, aliyekaa ukingoni na simu mkononi. Mafuriko yalikuwa yamelichukua daraja, na wagonjwa wake watano walibaki ng'ambo ya mto, wawili kati yao wajawazito. Zahanati ilikubali kumnunulia mtumbwi wa mpira, ule wa kujaza upepo na kukunja. Mkuu wake alitaka jibu kabla ya saa sita, na Sista hakuwahi kuchagua chombo cha majini kikubwa kuliko beseni.

Picha kwenye simu zilikuwa mbili, za mitumbwi miwili. Mmoja kilo tisa, mwingine kilo kumi na sita. Kutoka zahanati hadi mtoni ni kupanda kilima na kukishuka, mzigo ukiwa mgongoni.

— Uzito hausomwi kwenye simu, alisema Kilo Mbili. Leteni gunia.

Pancha akaazima mizani kwa jirani muuza nafaka, wakapima vyuma chakavu. Sista alikwenda na kilo tisa hadi kona, akarudi akitabasamu. Alikwenda na kumi na sita, akarudi akiburuta miguu. Mama Birika alimtua gunia, akamsugua bega.

— Chukua wa tisa, alisema Kilo Mbili. Mchagua jembe si mkulima.

— Basi asichague? aliuliza Mama Birika.

Pancha akasema mpira mwepesi ni mpira mwembamba, yeye ameziba wa kutosha. Halafu akajirekebisha: upepo wa alfajiri ni mwepesi kuliko wa mchana, kwa hiyo akiujaza mapema atapunguza nusu kilo. Kilo Mbili akaona hapo ndipo penye hatari. Mtumbwi mwepesi hivyo utainuliwa na upepo katikati ya mto, Sista apae na dawa zake.

— Atafunga jiwe, alisema Pancha.

— La kilo ngapi?

Pancha akapiga hesabu.

— Saba hivi.

Mama Birika akamimina kahawa, akawaambia tisa na saba ni kumi na sita. Wakanywa. Mwishowe wakakubaliana: wa kilo tisa, bila jiwe. Pancha akafunga mjadala kwa kusema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, akimaanisha, alivyoeleza mwenyewe, kwamba mtumbwi ufutwe maji kabla ya kukunjwa.

Sista alikuwa anaandika jibu pale alipofika mama mmoja, mtoto mgongoni, akisukuma baiskeli iliyokwisha upepo. Akawasalimu, akaonyeshwa picha, akaitazama kwa muda.

— Huu una kiti kimoja, Sista. Ukimkuta mjamzito amezidiwa, utarudi naye vipi?

Pancha akaichukua simu, akaitazama upya. Mama Birika akalitikisa birika. Ilibaki ya kikombe kimoja, akampa mgeni.

Sista akafuta alichoandika. Bega lilikuwa bado linamuuma.

— Wa kumi na sita una viti viwili, alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe.

Kilo Mbili akainamia viatu vyake. Akasema yeye hupita zahanati kila alfajiri, mikono mitupu, na mtoni ni njia yake. Soko liko upande wa huku wa kilima, mbali kabisa na mto, na hakuna aliyelitaja.

Sista alituma jibu saa sita kasorobo. Mtumbwi ulifika Alhamisi, na kabla ya mwezi kwisha mmoja wa wale wajawazito alijifungulia zahanati, mtoto wa kike.