Sauti ya Bi Kielezi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliofika kutoka redioni, mimi ni mdogo wake marehemu, fundi bomba, nimepewa karatasi hii niisome kwa kuwa wenzangu machozi hayawaruhusu, na mwenyekiti wa kamati ya mazishi ameniomba nipunguze ukali, nami nimepunguza, kwa hiyo mtakayoyasikia ndiyo yaliyobaki.

Marehemu dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Bi Kielezi, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne, na mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyo alianza kusema kabla hajatambaa, na akishaanza hanyamazishwi hata kwa titi.

Alisoma shule ya msingi ya hapo hapo kiwandani kuanzia mwaka 1964, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1977, somo lake likiwa Kiingereza. Tarehe 5 Desemba 1981 alifunga ndoa na shemeji yetu, mchapaji wa magazeti, mtu wa maneno machache, jambo lililomfaa sana kwa mke aliyempata, wakajaliwa mtoto wa kiume, sasa dereva wa lori, na wa kike, fundi cherehani, kabla shemeji hajatutangulia mwaka 2011.

Mwezi Februari 1988 redio ilimchukua kuendesha Neno la Asubuhi, kipindi cha dakika tano, neno moja la Kiingereza kila siku, maana yake, asili yake na namna ya kulitamka, naye akang'ang'ania vielezi mwaka mzima hadi mkuu wa vipindi akashika kichwa, akijitetea kwamba vitenzi kila mtu anavijua, lakini kielezi ndicho kinachosema mtu alitenda vipi. Jina la Bi Kielezi lilianzia hapo, na hakulikataa.

Somo tunalolikumbuka sisi wa nyumbani ni la neno seldom, maana alilifanyia mazoezi mezani tukila, akatueleza kuwa maana yake ni mara chache sana, kwamba si mgeni asiyekuja kabisa bali yule ambaye akitokea mnashtuka, kuwa asili yake ni Kiingereza cha kale, wakati huo likiishia kwa an, baadaye mwisho ukageuka ukafanana na vielezi vingine vya zamani, na kuwa lina ndugu yake katika Kijerumani mpaka leo. Katika kulitamka, alisema, mkazo unakaa mwanzoni, ile o ya nyuma inamezwa, halafu midomo inafungwa kwenye m na kubaki imefungwa, siyo seldomu kama tunavyosema sisi, basi meza nzima ikafumba midomo na chakula ndani, shemeji akacheka mpaka akapaliwa. Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha.

Redioni siku hizo kanda zilikuwa haba, kipindi kikishakwenda hewani kanda inafutwa na kurekodiwa kingine juu yake, ndiyo ilikuwa kazi na yeye aliukubali utaratibu huo, kwa hiyo alipostaafu mwaka 2015 asubuhi zake zote zilikuwa zimelala chini ya mpira na matangazo ya magodoro.

Mwaka uliofuata sauti ilianza kukwaruza, akadhani ni mafua, na tarehe 20 Juni 2017 madaktari wakaondoa sehemu ya koo inayotoa sauti ili kuokoa maisha yake. Novemba 2018 akazaliwa mjukuu wake, mtoto wa binti yake, ambaye bibi mwenyewe alimpachika jina la Chiriku kwa kelele zake, akamlea kwa mikono na macho, na mtoto alipopata akili akawa anatuuliza kama sauti ya bibi ilikuwa nene au nyembamba, nasi kila mmoja anamwigiza kwa namna yake, na wote tunakosea.

Mwaka 2022 fundi mitambo mstaafu wa redio alituletea habari kwamba kanda ya seldom ipo, ilikwama ndani ya mashine iliyoharibika, mashine ikatupwa stoo na kusahauliwa, basi dada akamwandikia mkurugenzi wa redio kwa simu kwamba anaiomba tu, mjukuu amsikie. Mkurugenzi alijibu kuwa mashine ni mali inayosubiri mnada, haifunguliwi mpaka kamati ikae, kamati haikutimia, kisha ufunguo ukapotea, kisha yeye akasafiri, nikaenda mwenyewe na bisibisi yangu nikamwambia ni skrubu nne tu, akanieleza kwamba taratibu ni taratibu. Dada yangu alisubiri hivyo miaka miwili.

Alifariki hospitalini Jumatano, tarehe 16 Oktoba 2024, na kesho yake stoo ikafunguliwa, bila kamati, bila mnada, na leo kanda imeletwa pamoja na shada, ili ipigwe hapa mbele yenu na kurushwa hewani moja kwa moja. Nimeshindwa kupata neno la heshima la kuliita jambo hilo.

Familia inamshukuru daktari wa koo na wauguzi wa wodi ya wanawake, majirani mliopika na kulala nasi chini, na fundi mitambo, aliyeketi kule nyuma wakati viti vya mbele vina watu wa redio. Wafanyakazi wenzake marehemu, asanteni kwa shada, kanda pia tumeipokea, lakini haitapigwa hapa, mnaweza kukunja nyaya zenu, fundi atakuja nyumbani na mashine yake tukishazika, na wa kwanza kuisikia atakuwa Chiriku. Alichokitaka dada ni kuutazama uso wa mtoto huyo siku atakapomsikia, na uso huo sasa tutautazama sisi, yeye hayupo.

Dada yangu, mama yetu, bibi yake Chiriku, pumzika kwa amani.