Kasyoka Afagia Theluji

Ukipita posho mill ya zamani pale Mwala sokoni jioni, utakuta benchi refu la mbao limeegemea ukuta, na mbele yake jiko la Munyiva. Kahawa yake ni nyeusi, ina tangawizi ya kukohoza mtu, na wateja ni walewale. Mutunga, fundi wa pikipiki, anaitwa Gia, kwa sababu kwake hakuna shida duniani isiyotatuliwa kwa kubadilisha gia. Kilonzo anaitwa Redio, maana habari zote anazo na hakuna anayejua pa kumzimia. Masila, aliyelimia watu mashamba kwa trekta mpaka magoti yakakataa, anaitwa Dereva. Jioni hiyo walikuwa wakibishana kama mbuzi wa Mwala ni mtamu kuliko wa Masinga, na Munyiva alikuwa ameinua birika kuwaongezea, simu yake ikalia.

Ilikuwa video. Alikuwa Kasyoka, binti yake, ambaye tangu mvua za mwaka jana alikuwa Kanada akifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa. Kazi yenyewe aliipata kwa sababu alijua trekta, na trekta alifundishwa na Dereva. Huko Kanada ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka. Alikuwa amevaa kofia mpaka kwenye nyusi, na Munyiva alipoutazama mdomo wa mtoto wake, alijua mara moja kwamba analia au yuko karibu kulia.

— Mwaitu, uko na watu? Kasyoka alimuuliza mama yake.

— Niko na hawa wa kila siku. Ni nini mbaya?

— Mzee wa hapa ameanguka kwa barafu, mkono umefungwa. Yeye ndiye husukuma theluji. Leo ameniambia nipande mimi. Lori ya maziwa iko njiani na tangi imejaa. Isipoingia, maziwa yote tunamwaga.

Birika likarudi mezani. Munyiva aliegemeza simu kwenye mkebe wa sukari, na vichwa vitatu vikajisogeza. Kasyoka akageuza kamera. Ua lote lilikuwa jeupe, jeupe la kuumiza macho. Katikati yake palikuwa na trekta, na kwenye mikono yake ya mbele, ile inayoinuka na kushuka, lilifungwa bapa pana la chuma.

— Hiyo si ni kisu ya greda! Gia akasema.

— Karibu hivyo. Hapa ndio shida. Nimejaribu mara moja. Kisu imeingia kwa kokoto, trekta ikaruka, nikagonga kichwa. Na theluji yenyewe nimeisukuma ikajaa kwa mlango wa ng'ombe. Sasa hata ng'ombe nimezifungia.

Benchi lilimpa pole kwa pamoja. Halafu likaanza kufundisha.

— Gia kubwa, akasema Gia. Rudi nyuma kabisa, weka ya juu, kuja na nguvu. Itapasuka tu.

— Uncle, nikija na nguvu nitatokea upande ule mwingine wa boma.

— Basi weka gia ndogo.

— Ndiyo hiyo nilikuwa nayo.

— Wewe Gia nyamaza, Redio akasema. Theluji dawa yake ni joto. Kasyoka, chukua majivu ya moto, mwaga mstari mmoja hadi barabarani. Theluji ikiona moto inajitoa yenyewe.

— Hapa hatuna majivu, uncle. Wanatumia stima.

— Basi chumvi! Mwaga chumvi!

Gia akacheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. — Chumvi! Unafikiri anakaanga mayai?

— Hiyo ni kweli, Kasyoka akasema. Hapa wanaweka chumvi barabarani, barafu inayeyuka. Lakini hii ni nyingi sana, lazima isukumwe kwanza.

Redio alikaa wima. Hakuwa na habari kwamba alikuwa anajua jambo hilo. Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwambia kitu.

Munyiva hakucheka. Alikuwa akitazama kidirisha kile kidogo, akiona pumzi ya mtoto wake ikitoka kama mvuke wa birika, na moyoni alikuwa akijiuliza ni nani alimruhusu aende. Akamgeukia Masila.

— Dereva, si wewe ulimfundisha? Sema kitu.

Masila alikuwa ameegemeza mikono juu ya fimbo. Sasa alijikohoza. Aliwahi kuondoa tope kwenye lambo kwa trekta, na aliona hili si jambo geni.

— Kasyoka, kandamiza. Shusha kisu, kandamiza chini kabisa. Tope ukiichekea inakupita juu.

— Sawa, Mzee.

Aliiweka simu mahali mbele ya usukani, wakamwona akipanda, wakasikia injini. Trekta ikasogea. Mara kukasikika mkwaruzo wa kutisha, simu ikaanguka, na benchi zima likaona dari ya trekta na kiatu.

— Kasyoka! Munyiva akapiga kelele. Watu wa duka jirani wakageuka.

— Niko sawa, mwaitu. Nimechimba kokoto tena. Sasa ni mbaya kuliko mara ya kwanza.

Masila aliinamisha kichwa. — Basi hiyo si tope, akasema kwa sauti ndogo.

Ndipo walipomwona yule mzee wa Kanada. Kasyoka aliinua simu, na nyuma ya kioo cha nyumba alisimama mwanaume mrefu, mkono mmoja ndani ya kitambaa. Aligonga kioo. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, kiganja chini, akaupitisha hewani polepole, ukipanda kidogo na kushuka kidogo, kama mtu anayepapasa mgongo wa paka.

— Anaaga nani? Gia akauliza.

— Haagi, Redio akasema. Hiyo ni ishara ya kijeshi.

— Ngojeni, Kasyoka akasema. Ngojeni kwanza. Aliniambia wiki jana, lakini anaongea haraka. Alisema liva, huu mkono wa kushusha kisu, nisukume mbele hadi isikike, halafu niiachilie. Kisu itakuwa inaelea. Inafuata ardhi yenyewe, mimi siikandamizi.

Akasukuma liva. Kikasikika kitu kidogo, tik. Trekta ikaenda, na safari hii hakukuwa na mkwaruzo. Kisu kilipanda penye mwinuko na kushuka penye bonde, na theluji ikaanza kujikunja mbele yake kama mkeka. Nyuma palibaki njia. Gia alipiga makofi. Masila aliinua kichwa, akasogelea simu hadi ndevu zake zikaigusa.

— Aisee, akasema. Inajua kutembea.

Lakini mlango wa ng'ombe bado ulikuwa umezibwa. Kila alipoukaribia, theluji ilizidi kujibana pale pale. Alijaribu kutoka kushoto, akajaribu kutoka kulia. Sauti yake ikaanza tena kuwa nyembamba.

— Mwaitu, hapa siwezi. Nikisukuma inaenda mlangoni.

Gia alifungua mdomo. Munyiva akamwonyesha kidole na mdomo ukafungwa.

— Kasyoka, nisikize mimi. Ukiwa hapa nyumbani, asubuhi ukifagia kiwanja ulikuwa unaanzia wapi?

— Mlangoni.

— Na uchafu ulikuwa unausukuma kuelekea mlangoni?

— Hapana. Kwa mlango nilikuwa nainama, naweka ufagio pale, navuta nikirudi nyuma.

— Halafu?

Wakamwona Kasyoka anatazama mlango, halafu kisu, halafu mlango. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani ambacho Munyiva hakuwa amekisikia tangu siku ya uwanja wa ndege.

Alisogeza trekta hadi kwenye mlango, kisu kikiwa juu. Akakishusha taratibu nyuma ya lile rundo, karibu kabisa na mbao za mlango. Akarudi nyuma. Theluji ikavutwa ikamfuata kama mbuzi anayefuata majani. Akavuta tena, na tena. Ilipofika katikati ya ua, akazunguka upande wa pili na kuisukuma yote hadi kwenye safu ya miti, mbali, mahali ambapo haingemzuia mtu. Ng'ombe mmoja alitoa kichwa nje, akanusa hewa, akarudi ndani.

Honi ya lori ilisikika wakiwa bado wanampigia makofi. Lilikuja jeupe na refu, likapita katikati ya njia ile bila kusita. Aliyeliendesha alimpungia Kasyoka mkono. Yule mzee alitoka na kikombe kinachofuka mvuke, akampa, akasema maneno mengi ambayo benchi halikuyaelewa hata moja, lakini lilifurahi.

— Amesema nini? Munyiva akauliza.

— Amesema kesho nipande tena. Hata mkono ukipona nipande. Mwaitu, wacha niende, nawatumia picha.

Simu ikakatika. Munyiva alijipangusa macho kwa ncha ya leso, akasingizia moshi, akawamiminia wote kahawa bila kuulizwa. Alijisikia mwepesi, kama aliyetua mzigo wa kuni.

— Mmeona gia ndogo ilivyosaidia, Gia akasema.

— Ilikuwa ni chumvi, Redio akasema.

— Chumvi gani, na hakuimwaga?

— Lakini aliifikiria.

— Mimi ndiye nilimfundisha trekta, Masila akasema, na hilo hakuna aliyebishana nalo.

Picha ilifika: Kasyoka amesimama kando ya mlima wa theluji aliousukuma, mlima unaozidi nyumba. Simu ikazunguka mkono hadi mkono. Wakati huo alifika Kimanzi na punda wake wawili waliobeba mitungi ya maji. Alikuwa ametoka kuchimba na kuchota maji kwenye mchanga wa mto mkavu, na nguo zake zilikuwa na vumbi hadi mabegani. Aliomba kahawa, akapewa simu kwanza.

— Hii nyeupe yote ni nini?

— Theluji, Redio akamweleza. Ni maji iliyoganda. Kasyoka ameisukuma hii yote na trekta.

— Ni maji?

— Maji kabisa.

Kimanzi aliwatazama punda wake, akaitazama picha tena.

— Na mbona wanaitupa?

Munyiva akainua birika ammiminie kahawa yake, likatoa matone mawili na machicha ya tangawizi.